Chumba Nilichokataa Kuhama

Jumanne, 4 Machi
Bwana Miwani kapanda tena ngazi kutoka dukani kwake hadi maabara yetu. Eti anaomba nta. Fundi miwani na nta ya meno ya bandia, wapi na wapi! Akapangusa miwani isiyo na hata chembe ya vumbi, mwisho akatoboa: miezi minane tangu aniombe tuoane, bado nafikiri? Nyumba ina vyumba vitatu, yeye peke yake. Basi angalau nimjibu kabla hajaanza kuhitaji meno ninayotengeneza. Nimecheka hadi nta ikamwagika.
Nampenda, jamani. Lakini kuhama chumba changu hiki — hapana. Yeye hajui kwa nini.

Jumatano, 5 Machi
Barua! Juu ya bahasha, jina langu la enzi za ndoa.
Nimeanza kuisoma nimesimama, nimeimaliza nimekaa sakafuni. Ana miaka ishirini na saba. Mpima ardhi! Baba yake alimwambia nilifia hospitalini. Mwezi uliopita shangazi yake akashindwa kuendelea kuficha, akampa anwani hii. “Kama bado unaishi hapo,” kaandika, “na kama ni wewe.” Chini, namba ya simu.
Mwanangu, binti yangu. Alikuwa na miaka mitatu. Nililazwa miezi miwili kwa mapafu, nikarudi nikakuta kitanda na ndoo. Baba yake kahama naye, hakuna anayejua wapi. Nilitafuta hadi soli zikaisha. Kisha nikaapa: mimi sitoki hapa, siku moja atauliza.
Mungu wangu, kauliza!
Sijapiga.

Alhamisi, 6 Machi
Aibu! Nimemtengenezea mzee wa watu meno ya juu yenye mwanya. Mwanya aliokuwa nao binti yangu, mkono umejiendea wenyewe. Bosi akasema mzee anataka kutafuna, si kushinda urembo. Nikaangua kilio. Maskini, akadhani ni yeye, akaniomba radhi!
Bwana Miwani akanikuta ngazini. Nikamwaga yote. Akavua miwani, akaipangusa. Kisha: “Kumbe mpinzani wangu ni anwani.” Akaniambia nipige sasa hivi, yeye atageukia ukuta. Akageuka kweli, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.
“Haloo?”
Hotuba yangu yote ikayeyuka. Nikasema tu, “Bado naishi hapa.”
Kule kilio, kisha kicheko, kisha vyote kwa pamoja. Anakuja Jumamosi!

Ijumaa, 7 Machi
Nimefua mapazia. Nimenunua taulo, mswaki, kandambili — za namba gani? Sijui mguu wa mwanangu. Nimelia dukani mbele ya kandambili. Nimechukua namba tatu tofauti.

Jumamosi, 8 Machi
Kafika saa tatu asubuhi. Mrefu! Kanipita kichwa kizima. Akasema shikamoo, na mimi badala ya kuitikia nikamwambia afungue mdomo. Kazi imeniharibu! Akacheka. Mwanya uleule. Sijui nani alimkamata mwenzake kwanza.
Baada ya chai akauliza, bila kunitazama, kwa nini sikumtafuta. Sikujitetea. Nikashusha boksi kutoka juu ya kabati: barua nilizowaandikia ndugu wote wa baba yake, zikarudi bila kufunguliwa. Akafungua moja. Akafungua zote. Mimi nikamenya viazi, vingi kuliko tunavyoweza kula. Mwishoni akaja akachukua kisu cha pili, akamenya nami. Anamenya vibaya! Nusu ya kiazi inaenda na ganda.
Haniiti chochote lakini. “Samahani.” “Hivi.” “Eti.” Sawa tu. Miaka ishirini na minne bila mama, ulimi utazoea saa ngapi? Nimejificha huku nyuma ya pazia la kitanda niandike kidogo, nisije nikamkodolea macho siku nzima.
Hodi. Sauti naijua! Bwana Miwani alisema atakuja kesho, si leo!
Binti kafungua. Namsikia Bwana Miwani anakohoa. Kasema anapita tu. Anapita kwenda wapi, ghorofa ya nne? Binti anamuuliza yeye ni nani wangu. Kigugumizi. Hata kazi yake kaisahau.
“Mama!” Binti anaita, huku anacheka. “Mama, kuna mtu hapa hajui yeye ni nani wako. Aingie?”
Mama.
Kaniita hivyo mara mbili, na shahidi nimepata. Wananisubiri wote wawili. Naja, naja — ngoja kwanza nifunge daftari —