Yule Aliyetetewa na Gentille

Bunia, Mudzipela
Jumapili, tarehe 18 Mei 2025

Kwa Gérard, kule Kisangani

Mpendwa mudogo wangu,

Kwa huzuni inayostahili, na nikiwa nimevua kofia, ninakutangazia rasmi kwamba jogoo wetu mwekundu ameihama nyumba hii. Sasa anaishi kwa jirani Bruno. Hakufukuzwa, hakupigwa, hakuna aliyemtukana. Aliangalia mahindi yetu, akaangalia mahindi ya Bruno, akakata shauri. Tumetuma wajumbe, wamerudi na manyoya mawili. Mke wangu Débora anasema hata kuku anajua nyumba ya fundi wa nguo haina maisha ya kesho.

Baada ya msiba huo, habari yako? Mgongo umepunguza kukuuma, ama bado unabeba mota za mitumbwi kama kijana? Mbu wa mto wamekuachia damu kidogo? Na je, umejifunza kupika fufu, ama bado unakula yale mabonge yako ukijidanganya kwamba yameiva? Siye huku tunapumua, Mungu asifiwe. Débora anasumbuliwa na presha, mimi nasumbuliwa na Débora.

Habari za juu kwenye vilima ni zile zile. Juzi watu wengine wameshuka kutoka upande wa Bule, magodoro kichwani, watoto wakivuta mbuzi mmoja mmoja. Wamelala kanisani. Shamba letu, nasikia nyasi zimefika kiunoni. Ng'ombe usiulize. Sitaandika zaidi, weye unajua njia ile kuliko mimi.

Nimechukua kalamu juu ya sauti za WhatsApp zinatembea kuliko moto wa kiangazi. Nikikuambia neno asubuhi, mchana binamu yetu Léontine analo, na jioni linarudi kwangu limeota pembe. Barua hii ataibeba mke wa pasta mkononi mwake, na utaisoma weye peke yako.

Nimesikia ujumbe wako. Umesema binti yako Gentille aache droit, hiyo sheria anayosoma, aingie shule ya unesi kabla mwaka mwingine haujaanza. Umesema Léontine amekueleza kwamba mtoto wako amesimama mbele ya watu akawatetea wale waliomuua mama yake, akashinda, watu wakapiga makofi. Umesema hukumpeleka kusoma sheria kwa ajili yao. Ndugu yangu, sitakudharau kwa kukuambia usikasirike. Lakini Léontine hakuwa mule ndani. Mimi nilikuwa.

Kwanza kumbuka vile alivyoingia chuo. Alipopata diploma yake ya Examen d'État, mwisho wa sekondari, hata mimi nilisema unesi. Nilimwambia, nani amewahi kuona avoka wa mahakamani mwenye viatu vizima hapa Mudzipela? Yeye akasema manesi amewaona wengi wakija kambini kwa wakimbizi, jaji hajamwona hata mmoja. Mtu wa cherehani hawezi kubishana na mtoto wa namna ile.

Mwaka wa kwanza walikuwa wengi mpaka wengine wanasikilizia somo dirishani. Walipokuja kusoma majina ya waliofaulu pale uwanjani, wengi hawakuitwa. Yeye aliitwa. Débora akammwagia kopo zima la poda kichwani, kama desturi, na ingine ikaniingia mimi mdomoni. Ulipata picha. Yule mwenye kukohoa nyuma ni kaka yako.

Hasomi kwa miujiza. Hana vitabu, anaazima somo la rafiki yake Mireille, ananakili, anarudisha. Anakuja kusomea kwenye atelie yangu, katikati ya vitambaa, na mimi ndiye mshtakiwa wake wa kila siku. Nimeiba ng'ombe, nimesogeza mpaka wa shamba, nimeoa mke wa pili kwa siri. Débora akipita anasema, "Kwa ile ya mwisho usitafute ushahidi, angalia tu sura yake." Siku moja niliudhika, nikamuuliza mtoto kwa nini ananitetea wakati tunajua nimeiba. Akacheka. "Baba mukubwa, mtu akihukumiwa bila mwenye kumtetea, ile hukumu inaanguka kule juu kwenye rufaa. Na akitoka, anatoka kabisa." Mimi nikaendelea na pindo langu la suruali. Sikujua nimefundishwa jambo zito.

Basi, mwalimu wao wa mashauri ya jinai akapanga kesi ya kuigiza, mbele ya watu wote, katika sala, ule ukumbi wa parokia, na kwa Kiswahili ili kila mtu aelewe. Ilipangwa sawa na zile siku majaji wanapotoka mjini kuja kukaa katikati ya watu: meza, bendera, mabenchi ya raia. Mimi nilipewa heshima ya kushona toge, yale majoho yao ya mahakamani. Nilitumia kitambaa cha ndani ya makoti, na kama kawaida yangu mikono haikulingana. Ushindi, msichana mfupi aliyekuwa jaji mkuu, alifanana na mtoto aliyeanguka ndani ya gunia. Angèle, shemeji yako, alikuja kunisaidia kushona vifungo, siku mbili nzima, bila kusema mengi. Unajua alivyo tangu tulipomzika dada yake, Dorothée wako.

Kesi yenyewe ilikuwa ya kutunga. Kijiji kisicho na jina, kwenye vilima, alfajiri, watu wameuawa, ng'ombe wamepelekwa. Kazi zilipigiwa kura, vikaratasi ndani ya sufuria. Rodrigue akatoa mshtakiwa, Mireille mwendesha mashtaka. Gentille akatoa utetezi.

Mwalimu anajua habari zetu. Alimwita pembeni akamwambia anaweza kubadilishana na mwingine, hakuna atakayemnyima alama. Mtoto akaomba siku moja. Siku ile alikuja atelie, akakaa, hakunishtaki kwa lolote. Nilimwambia abadilishe. Naam, mimi, kaka yako, nilimwambia hivyo. Akasema, "Nikibadilisha hii, na ingine nitabadilisha." Akabaki na karatasi yake.

Sasa nisikilize vizuri, juu ya hapa ndipo Léontine amepotea njia.

Siku ya Jumamosi sala ilijaa mpaka mlangoni. Nilikaa na Débora upande huu, Angèle upande ule, amevaa kitenge chake cha kanisani. Rodrigue akasomewa mashtaka. Kukawa na shahidi mmoja tu kwenye programu yao, kijana anaitwa Caleb, ambaye alitakiwa kuigiza mtu aliyeokoka na mauaji. Caleb alikuwa amelala kwao na malaria, hakuna aliyepasha habari. Ushindi akaita shahidi. Hakutokea mtu. Akaita tena. Watu wakaanza kucheka kidogo, vile watu wanacheka mchezo ukikwama.

Angèle akasimama.

Nikamshika kitenge. "Angèle, kaa, ni mchezo wa watoto." Akautoa mkono wangu taratibu, kama mtu anatoa uzi kwenye nguo, akaenda mbele, akakaa kwenye kile kiti. Ushindi akamwangalia mwalimu. Mwalimu akaangalia chini. Yule mtoto, mikono yake imepotea ndani ya toge yangu, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, tupe majina yako."

Akayatoa. Akaeleza yote, Gérard. Yale ambayo hajawahi kukueleza weye, wala mimi, wala pasta. Sitayaandika, mengine unayajua, na mengine atakuambia mwenyewe kama atataka. Hakuna aliyecheka tena. Mireille alipopewa nafasi ya kuuliza, alitikisa kichwa tu, alikuwa analia. Ushindi akageuka upande wa pili. "Utetezi, una maswali?"

Mimi niliomba Mungu Gentille aseme hapana. Akasimama.

"Mama, asubuhi ile kulikuwa na ukungu?"

"Weye unajua ukungu wa Bule."

"Naomba ujibu mahakama."

"Ulikuwako."

"Uliuona uso wake?"

"Hapana. Nilikuwa nimelala mu mahindi, uso chini. Nimejua sauti. Alikuwa anakuja kununua maziwa kwetu."

"Hiyo sauti ilisema nini?"

Angèle akakunja ncha ya kitenge chake, akaikunjua. Halafu akasema, "Ilimwita mama yako. Kwa jina."

Gentille alishika meza. Niliona vidole vyake. Akasema, "Mahakama itakumbuka kwamba shahidi hakuona uso." Akakaa.

Majaji wakaingia nyuma ya pazia la wanakwaya, wakarudi. Ushahidi hautoshi, mshtakiwa aachiliwe. Rodrigue, aliyeachiliwa, alikuwa ameinamisha kichwa magotini na hakutaka kuinuka. Hakuna aliyepiga makofi. Mwambie Léontine nimesema hivyo. Hakuna hata mmoja. Angèle alipita katikati yetu, akapanda pikipiki, akaenda kwake bila kugeuka.

Siye tulidhani amechanganyikiwa. Kesho yake mimi na Débora tukaenda kumweleza pole pole kwamba ile haikuwa mahakama ya kweli, kwamba walikuwa wanafunzi. Akatuangalia. "Augustin, unaniona mujinga? Vifungo vya zile toge nimeshona mimi. Lakini waliita shahidi, na hakuna aliyesimama." Tukanywa chai yake, tukarudi nyumbani tukiwa wapumbavu wawili.

Gentille hakula vizuri siku nyingi. Alama alizopata zilikuwa za juu kuliko zote, lakini hakutuambia, tulisikia kwa Mireille. Wenzake walikuja na poda, akawafungia mlango. Wiki moja baadaye, alipokuwa akipiga pasi zile toge ili tuzikunje, niliuliza lile swali ambalo weye pia unaliuliza, kwa nini alisimama kumtetea mtu wa namna ile. Hakuinua macho. "Baba mukubwa, siku ya kweli ikifika, avoka wa yule mtu atamuuliza mama mudogo maneno yale yale. Na hatamwita mama. Ningemwacha ayasikie mara ya kwanza kwa mgeni?" Halafu akaacha pasi mahali pamoja mpaka kitambaa kikaungua. Nikamwachia.

Sitakuficha, Angèle hakumsemesha. Jumapili tatu walikaa kanisani benchi tofauti. Gentille anamsalimia, yeye anaangalia madhabahu. Ndiyo maana habari ilifika Kisangani kabla yangu. Nilingoja nione itakwenda wapi.

Jumanne hii iliyopita Angèle alikuja atelie mchana. Akahamisha vitambaa vyangu kwenye kiti, akakaa. Gentille alikuwa pale na masomo yake. Angèle akasema, "Niulize tena."

Mtoto akasema hapana, ile imekwisha. Angèle akasema, "Niulize. Safari hii niulize yote."

Nilitaka kutoka, nikabaki na suruali ya mteja mkononi. Gentille akamuuliza. Alianza mbali: ulitokea mlango gani, nani alikuwa mbele yako, mahindi yalikuwa marefu namna gani, ulijuaje ni sauti yake na si ya mwingine, nani mwingine alimuuzia maziwa. Angèle akawa anajibu akiangalia mikono yake. Akakumbuka kwamba Eugène, yule aliyekuwa akichunga ng'ombe zetu, alikuwa upande wa juu wa kisima, na pengine yeye aliona uso. Siku hizi yuko Gety. Lilikuwa jambo ambalo hatujawahi kulisikia miaka yote hii. Lakini walipofika kwenye ile sauti na lile jina, akakwama. Wakarudi mwanzo, wakafika tena pale, akakwama tena. Gentille hakumsukuma. Alingoja tu.

Mwishowe Angèle akauliza, "Na mahakama ya kweli inakuja lini?"

Gentille akasema hajui.

Angèle akavaa viatu vyake, akasema atarudi Alhamisi. Alirudi. Walikwama palepale.

Huo ndio ukweli, mudogo wangu, wote nilio nao. Mtoto ni wako, na neno ni lako. Ukisema atoke, nitamtoa, nami nitamsindikiza shule ya unesi kwa miguu yangu. Lakini ujue hutamtoa peke yake. Angèle ameniambia Jumanne atakuja tena.

Nisalimie mama mwenye nyumba wako, na wale vijana wa mota, hasa Gauthier, ambaye bado ananidai wimbo. Débora anakusalimu na kukukumbusha dawa zako. Gentille anakusalimu. Aliuliza kama nimekuandikia, nikasema ndiyo, hakuuliza nimeandika nini. Angèle hajatuma salamu, ila amesema nikuulize kama weye unakumbuka sura ya yule mnunuzi wa maziwa. Nijibu hilo hata kama hutajibu mengine.

Mungu akulinde majini na nchi kavu, akupe usingizi usio na vishindo vya miguu ya watu.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda hata ukinikasirikia,

Augustin