Wajane wa Panda hawako kwenye ramani

Dunia rafiki yangu, acha unachofanya usome. Ni leo asubuhi, ofisi ya viwanja.

Mama Fidélie ameambiwa nyumba yake ya Panda, kampi ya wafanyakazi, haipo! Nyumba aliyozalia watoto sita!

Carlos, yule fundi wa ramani, alichapa jina la marehemu bwana yake, "Mutonkole%", kwenye kompyuta. Hiyo asilimia mwishoni maana yake: nionyeshe kila jina linaloanza hivi. Ramani ikabaki nyeupe. "Mama, haiko. Kiwanja ni tupu, tutamupa muntu mwingine."

Haiko! Kamwambia hivyo usoni.

Mama hakulia. Alikumbuka 1993, kazi zinakufa, wanaume wanakufa, na karani wa kampi anapita mlango kwa mlango akiandika "Veuve", yaani mjane, mbele ya jina la kila marehemu.

"Weye Carlos, mashini yako inaanzia kwa bwana. Bwana yangu alikufa. Sisi bajane balituandika Veuve kwanza. Tafuta Veuve."

Carlos akacheka. Akachapa "Veuve%".

Dunia, nyumba arobaini na moja zikawaka nyekundu! Arobaini na moja, na zote walishaziita tupu!

Chef, mkubwa wa ofisi, akaja mbio. "Bon, sawa mama, tumeona yako. Carlos, chapisha hiyo moja, aende."

"Hapana. Zote."

"Zingine hazikuhusu, mama."

Mama akavuta kiti, akakaa katikati ya mlango. "Basi hakuna muntu anatoka."

Bado amekaa. Wajane wengine wanane wamefika. Mama yako naye yumo kwenye zile arobaini na moja. Mlete, na kiti chake.