Ubao wa Tavla Nilioufungia Kabatini

Dada Mualla mpendwa, nisaidie kabla Jumapili haijafika.

Nina miezi mitatu ya ndoa na Cihan wangu, na nikikuambia kwamba hadi leo nikisikia ufunguo wake mlangoni moyo unanidunda kama siku ya uchumba usidhani natia chumvi, mwanamume huyu hunimenyea chungwa akanipa vipande vyote yeye akabaki na maganda, basi kila Jumapili tunakwenda kwa mama mkwe hapa hapa Mersin, tavla, ule mchezo wa dadu na kete ubaoni, inachezwa barazani, na lazima awepo Feride, jirani aliyekua pamoja na mume wangu, na Feride akirusha dadu Cihan anacheka kicheko ambacho mimi sijawahi kukipata.

Nikajifunza tavla kwa siri wiki sita ili nimshinde Feride mbele ya Cihan. Akanifunga tano bila. Akafunga ubao, akanibana nao kwapani kama afanyiwavyo kila aliyeshindwa, akasema, "Shika, bibi harusi. Kajifunze, urudi ukikua." Wote wakacheka, na Cihan wangu akapiga makofi, "Feride, una mkono mtamu wewe." Mkono mtamu, dada, na dolma alizokuwa anatafuna, zile za wali ndani ya majani ya mzabibu, nilizifunga mimi.

Wengine wakishindwa hucheka, kisha huurudisha ubao mezani. Mimi niliondoka nao peke yangu kwa teksi hadi nyumbani, nikaufungia kabatini chini ya mashuka ya harusi, na Cihan alipouliza nikasema nimeusahau kwenye teksi. Ubao wenyewe ni wa marehemu baba yake. Sasa kila akitoka kazini anazunguka vituo vya teksi akiuliza, anarudi hoi, ananibusu paji la uso, "Usijilaumu, roho yangu." Nampenda hadi natetemeka. Nikisema ukweli atanionaje? Na nikiurudisha, atacheza tena na Feride.

Nesrin, Mersin

*

Nesrin,

Pole kwa aibu ya barazani, na hongera kwa machungwa. Sasa nisikilize. Feride hakukuchukulia mume, alikushinda tavla. Tena mgeni habanwi ubao kwapani. Amekutania kama mtu wa nyumbani. Anayeumia si yeye. Ni huyo unayemwita wako, na kila jioni unamtazama akivua viatu vya safari uliyomtuma wewe.

Leo, kabla hamjala, utoe ubao, uweke mbele yake, useme, "Niliuficha kwa wivu." Usianze kwa machozi, usimtaje Feride. Atakasirika. Mwache, ana haki, na usimfuate chumba hadi chumba ukidai busu.

Jumapili kaa mbele ya Feride ucheze. Ukishindwa, mwangalie usoni umwambie amecheza vizuri, kisha ubane ubao kwapani mwenyewe kabla hajakubana.

Na kile kicheko? Wiki sita umejifunza kwa kujificha, na mchezaji unalala naye kitanda kimoja. Akishakusamehe, mwombe akufundishe. Atakufunga mara nyingi, na atacheka vile vile. Usimnunie.