Aspirini Baada ya Kula

Anjelina mwanangu,

Nani alikufundisha kumwacha mama yako hospitalini Biharamulo bila mtu wa kumpikia? Wiki ya pili hii! Huna aibu?

Wodini wenye magoti mabovu tuko wanne, na sote daktari katuandikia aspirini, baada ya kula. Dawa nyingine, anasema, zimepelekwa kwa askari vitani. Kila asubuhi nesi ananiuliza, "Shikamoo bibi, umekula?" Najibu, "Marahaba, nimeshiba," nameza vidonge kwa maji matupu. Sasa tumbo linawaka kuliko magoti.

Jana mama wa kitanda cha pili alinisogezea ugali alioletewa na binti yake. Nikakataa. Nikamwambia, "Binti yangu yuko njiani na ndizi." Akasema, "Wiki mbili njiani? Anatembea kwa magoti yako?" Wodi nzima ikacheka. Nami nikacheka, kisha nikageukia ukutani.

Wasalimie watoto, nawakumbuka mno. Usinifanye mwongo. Chukua ndizi, maharage na sufuria ndogo, upande basi la kwanza kutoka Ngara. Mwenyekiti akikuzuia kwa sababu ya shamba la kijiji, mwambie nimekuita mimi.

Mama yako