Uamuzi Usiotenguliwa

Dimple, acha kupima unga, soma hii. Mwenzio nimeacha kazi. Ndiyo, mimi Vaileth, mwenye akili nyingi.

Kikao cha walimu asubuhi hii. Mkuu wa shule akasimama: "Bodi imefanya uamuzi kuhusu Mwalimu Vaileth, na uamuzi huo hautenguliwi."

HAUTENGULIWI. Nikajua tayari nahamishiwa lile tawi lao la Mkange, kule mbali porini. Si ndiyo umbea wa wiki nzima?

Basi shujaa wako nikainuka. "Na wangu hautenguliwi. Naacha kazi leo hii!" Barua nikaitoa kwenye pochi, nilishaiandika jana. Mtu wa mipango mimi.



Mkuu akavua miwani. "Mwalimu, hukuniacha nimalize. Bodi ilikuchagua uwe makamu wangu."

Makamu, Dimple! Makamu mkuu wa shule!

Nikajichekesha: "Jamani, nilikuwa natania." Akaniuliza, "Na barua nayo inatania?" Nikamwomba anirudishie. Akasema, "Umeyasema mbele ya walimu kumi na wanane. Nikikurudishia leo, kesho nani atanisikiliza?"

Jina la pili kwenye orodha ya bodi lilikuwa Mwalimu Pantaleo, umakamu akapewa yeye palepale. Yuleyule anayelala kwenye zamu! Kumbe ule uamuzi usiotenguliwa umetenguka ndani ya dakika tano. Mgumu ni wangu tu.

Na kazi ya kwanza ya makamu mpya ikawa kupokea barua yangu. Akaigonga mhuri, IMEPOKELEWA, akapuliza wino ukauke, akanipa mkono.

"Hongera kwa msimamo, mwalimu."

Nikamjibu asante.