Niivunje Kadi ya Mtandao Kabla Binti Yangu Hajafika?

Mama Mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi ipokee tu, maana leo sina nguvu ya kubishana na mtu.

Mimi ni fundi saa mstaafu, mke wangu alifariki miaka minne iliyopita, na nina binti mmoja tu, anafanya kazi ya kompyuta katika mji wa mbali, na alipokuja mara ya mwisho, kwenye msiba huo, aliniachia laptopu yake ya zamani akaiwekea mfumo wa Linux, akasema, "Baba, hii haitakusumbua," basi ikakaa mezani nikawa nasomea magazeti, naye akawa ananipigia simu kila baada ya wiki mbili, Baba mzima, umekula, dawa umekunywa, haya kwaheri, dakika tatu kwa saa yangu, na saa yangu haikosei.

Siku moja laptopu ikajisasisha yenyewe, ilipowaka tena alama ya waifai haipo, nikampigia, akaniambia nifungue lile dirisha jeusi la kuandikia amri, tukaanza kutafuta ugonjwa. "Limeandika nini, Baba?" "Limeandika mengi." "Nisomee, herufi kwa herufi." Nikawa nasoma kwa lenzi yangu ya kazini, huku nasikia kijiko chake kikigonga sahani, nami nikaivuta sahani yangu, tukala hivyo hivyo, yeye kwake na mimi kwangu, mara ya kwanza tangu msiba kula na mtu. Baada ya saa moja na dakika arobaini akagundua kwamba waifai ilikuwa imefungwa tu ndani kwa ndani, akanipa amri moja ya kuifungua, mtandao ukarudi, akasema, "Haya Baba, imepona," akakata, na nyumba ikawa kimya mpaka nikazisikia saa zote za ukutani, nami ninazo kumi na moja.

Mama, naona aibu, lakini nimekuja kusema kweli. Jumapili iliyofuata niliifunga mwenyewe. Mtu aliyejua amri ya kufungua hashindwi kuipata ya kufunga, nikaiandika, alama ikapotea, nikampigia nikasema imeanza tena. Na iliyofuata hivyo hivyo. Sasa ni Jumapili ya tisa, nasoma polepole makusudi, nikiulizwa kama taa ya kwenye ruta inawaka nasema ngoja nikaangalie, kumbe ruta iko mbele ya pua yangu.

Wiki sita zilizopita nusura niumbuke. Aliniambia nibonyeze mshale wa juu ndani ya lile dirisha nimsomee kinachotokea, nikamsomea, na nilipofika mwisho ndipo nikatambua kwamba ile ni amri yangu mwenyewe ya kufunga, mashine ilikuwa imeitunza. Akanyamaza hata nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Haya Baba, tuanze upya kabisa. Izime, hesabu mpaka mia, halafu iwashe." Nikashukuru Mungu kwamba hakugundua, na siku hiyo tulikaa saa mbili.

Lakini Jumapili hii kanambia, "Baba, hii kadi ya mtandao imechoka. Nimeomba likizo ya siku nne, nakuja Ijumaa na kadi mpya, nitaifungua mwenyewe." Nimekufa ganzi. Atakuta kadi nzima, atajua baba yake ni mwongo, na hata zile dakika tatu sitazipata tena. Jana nimefungua skrubu za nyuma, nimeiona, kijikadi kidogo chenye nyaya mbili nyembamba kama nywele. Bisibisi ninayo na mkono haujaanza kutetemeka. Niukate waya mmoja ili akija akute ugonjwa wa kweli, au nikiri?

Fundi Saa wa Chumba Kimoja

*

Kaka Fundi Saa,

Kwanza weka hiyo bisibisi chini. Nimesema chini, siyo mfukoni.

Umenitia huzuni na umenichekesha, na hasira umenitia pia. Maisha yako yote umefungua saa za watu ukajua kilichosimama ni nini, halafu mwanao wa kumzaa umeshindwa kumfungulia mdomo. Neno "njoo" lina ugumu gani? Badala ya kulisema umejifunza amri za kompyuta uzeeni. Ningekusifu kwa akili, lakini sifa hiyo nakunyima.

Sasa sikiliza. Mimi kompyuta siijui, kwa hiyo barua yako nimempelekea fundi wa kompyuta aliye chini ya ofisi yetu. Aliposoma pale pa mshale wa juu alicheka mpaka akavua miwani. Anasema anayefanya kazi hiyo akisomewa mstari ule mara moja tu anajua waifai imefungwa na mkono wa mtu, na dawa yake ni amri moja, nusu dakika. Kuzima na kuhesabu mpaka mia, anasema, hakutibu kitu.

Umeelewa? Binti yako anajua. Amejua wiki sita. Alipokaa kimya simu haikukatika, alikuwa anafikiri akuumbue au aendelee, akaamua kukuhesabisha mpaka mia. Jumapili zote hizi amekuwa akikutafutia kazi za bure ili naye asibaki na sahani yake peke yake. Ulikisikia kijiko kimoja kwake miezi miwili, hukujiuliza?

Mmedanganyana vizuri sana, baba na binti, na mngeendelea mpaka mmoja azikwe. Nimeandika hivyo kwa ukali kwa sababu mimi nilimpigia mama yangu dakika tatu tatu, na leo hakuna namba ya kupiga.

Basi fanya hivi. Rudisha skrubu zote leo, waya usiuguse. Fungua waifai. Alhamisi fagia, toa saa mbovu zilizo kwenye kiti cha mke wako, maana nina hakika umezirundika pale, ili mtoto apate pa kukaa. Ijumaa akiingia usisubiri afungue begi. Mwambie, "Mwanangu, haikuwa mbovu, nilikuwa nakutaka wewe." Sema hivyo hivyo, usilizungushe. Halafu kula naye mezani, simu zenu mkiziweka mbali, na kabla hajaondoka mpatane siku ya kupigiana, mashine iwe nzima au mbovu.

Na mkishamaliza kula, muombe akuonyeshe ile kadi mpya. Hajainunua.