Mashine Yako Wamempa Haingo

Ravaonirina, mke wangu, mwaka umetimia tangu ulipotoka asubuhi ile ya baridi ya kuuma masikio, usirudi.

Mji mzima wa Antsirabe ulikujua kwa kicheko. Nikikupeleka kiwandani kwa riksho yangu ya kukokota, ukiniona nahema mlimani, uliwaambia wapita njia, "Jamani, mnitafutie punda, huyu amechoka!" Kisha ulishuka ukasukuma kwa nyuma. Shali yako hukujifunika peke yako. Aliyekaa karibu alipata pembe ya kujifunika.

Kiwanda cha mablanketi kilipofungwa, ulifua nguo za watu miaka yote ile bila kununa. Kilipofunguliwa ulilia kwa furaha. Ukarudi kwenye mashine ya kuchana pamba, wewe na mwenzako Bodo kama zamani. Pamba ikikwama, wewe unaingiza mkono, yeye anakaa kwenye swichi asije mtu akaiwasha.

"Bodo, uko?"

"Nimeikalia, dada! Hata bosi mwenyewe haigusi."

Basi wanunuzi wa ng'ambo wakarudi. Mkurugenzi, Bwana Rasendra, akasimama juu ya meza, akasema uchumi umeinuka, tujikaze: mashine moja, mtu mmoja, na mashine isilale. Bodo akahamishiwa kufungasha. Ndiyo maana msimamizi alipoona mashine yako imesimama, aliiwasha. Hakukuona umeinama upande wa pili, mkono ndani ya mashine. Kisha wakasema ulizembea. Wewe! Mimi sikusoma, hata haya naandikiwa, lakini aliyemwondoa Bodo pale namjua.

Mke wangu, naogopa. Wamemwita binti yetu Haingo aanze Jumatatu hii. Mashine ileile, peke yake. Nilimkataza.

"Baba, nitakuwa mwangalifu."

"Kwani mama yako alikuwa kipofu?"

"Wadogo zangu wale nini? Goti lako ndilo hilo, hata mlima wa sokoni huupandi."

Nilimngoja Bwana Rasendra getini, nikamwomba arudishe mtu wa swichi. Akashusha kioo cha gari, gari jipya. "Mzee, ndiyo kwanza tunaamka. Tuvumiliane." Kioo kikapanda.

Tangu siku hiyo king'ora cha kiwanda kikilia nasimamisha riksho katikati ya barabara, abiria wananiuliza kama naumwa. Miaka ikifika tutakutoa kaburini kama desturi yetu, tukuvishe hariri mpya, tukupe habari za nyumbani. Nataka Haingo awe kati ya watakaokubeba mabegani. Naogopa tutafungua kaburi tumkute kando yako.

Na nyinyi wa zamu ya asubuhi mnaosoma haya gazetini, nawapigia magoti. Mkiikuta mashine ile imesimama, msiiwashe. Zungukeni kwanza upande wa pili, mtazame. Ni mtoto wa mtu.

Tunaokukumbuka: mumeo Ralaivao, mama yako mzazi, Bodo, ambaye hadi leo mlango wa chumba cha mashine ile anaupita kwa kukimbia, wanao Njaka na Tiana, na Haingo, aliyekwisha kukunja sare yako kitandani.

Hutatutoka moyoni, leo wala kesho.